Nani Ataitengeneza Tarumbeta?

Mwanzoni mwa mwaka 1871, Henry Morton Stanley akiwa Bagamoyo anakusanya wapagazi wa safari yake ya kumtafuta Livingstone, mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walimwalika mezani kwao. Walipokwisha kula, wanafunzi wapatao 20 waliingia na ala zao za shaba wakampigia muziki wa Kifaransa. Stanley alilisimulia jambo hilo katika kitabu chake kwa mshangao uliochanganyika na dharau, maana hakutegemea sauti zilizopatana vile kutoka kwa vijana wa Kiafrika. Dharau yake tuiache hukohuko alikoiandika. Ushahidi wake una thamani: misheni ilikuwa imefunguliwa mwaka 1868 tu, na tayari mji huu wa pwani ulikuwa na bendi ya shule yenye ala zilizovuka bahari. Shule yenyewe haikuwa na ada wala ruzuku ya serikali. Wanafunzi wengi walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, na chakula chao na nguo zao vilitegemea michango ya Wakatoliki wa Ulaya, hasa kupitia vyama vya Uenezaji wa Imani cha Lyon na Utoto Mtakatifu. Kwa hiyo suala la ala za msaada kwa shule zisizojiweza, ambalo siku hizi huzungumzwa kana kwamba limeletwa na mashirika ya juzi, lina zaidi ya miaka 150 kwetu.

Umri huo unatuwezesha kuuliza swali ambalo mtoaji wa leo, mwenye fidla kuukuu anayotaka kuipakia kwenye kontena, hana nafasi ya kuliuliza: ala za namna hiyo zilipofika, zilifanya nini, na zilidumu kwa sababu gani? Jibu lililozoeleka ni kwamba muziki shuleni hufa kwa kukosa fedha, na kwamba ukileta vifaa utafufuka. Historia ya pwani na bara yake inanipeleka kwenye jibu jingine. Ala iliyotoka nje ilidumu pale ambapo waliopokea walikuwa na mamlaka nayo: kuamua ipigwe wimbo gani, nani afundishe, ikiharibika ipelekwe kwa nani, na hata kuigeuza kuwa kitu kingine kabisa. Pale ilipobaki mali ya aliyeitoa, ilinyamaza mara tu haja yake ilipokwisha, hata kama fedha zilikuwapo.

Bagamoyo yenyewe si mfano mbaya. Mapadri walikuwa wamejenga zaidi ya darasa: palikuwa na mashamba, useremala na uhunzi, na vijana waligawanywa kwenye kazi hizo. Tarumbeta iliyobonyea mahali penye nyundo na mhunzi haihitaji kurudishwa Paris. Hiyo ni faida ambayo shule nyingi za leo hazina. Lakini kilichopigwa, siku ya kupigwa na mgeni wa kupigiwa vilikuwa mikononi mwa misheni. Muziki ulikuwa sehemu ya nidhamu na pia sehemu ya taarifa kwa wafadhili, kwa sababu mgeni aliyepigiwa bendi aliandika, na walioandikiwa walichanga. Haikuwa hila. Kila taasisi inayoishi kwa michango hulazimika kuonyesha matunda yake, na muziki huonekana na kusikika upesi kuliko hesabu au kilimo. Ila ina maana kwamba bendi ilikuwa na wasikilizaji wawili, wa mbele yake na wa ng'ambo, na wa ng'ambo ndiye aliyelipa.

Wajerumani walipotwaa nchi, waliendeleza mtindo huo kwa kusudi lao. Shule ya Tanga, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuwa kitovu cha elimu ya serikali ya kikoloni, ilikuwa na bendi ya wavulana iliyopigwa picha mara nyingi. Shule hiyo ilitoa makarani, walimu na watumishi wa ofisi, na hapo ndipo gazeti la Kiongozi lilipochapwa. Serikali iliyotaka makarani haikukosa fedha za tarumbeta, maana bendi ilikuwa chombo cha sherehe zake. Vita vilipofika mwaka 1914 na utawala ukabadilika, hapakuwa tena na Kaisari wa kupigiwa. Walichobaki nacho waliosoma Tanga ni masikio, vidole na mapafu yaliyozoea kazi ile, na hivyo havikuwa mali ya serikali yoyote.

Hapa historia inakuwa na utamu, kwa kuwa ujuzi huo ulikuwa umeshapata makazi mengine nje ya shule. Katika miaka ya 1890, Mombasa na miji mingine ya pwani ilianza kucheza beni. Watu walikuwa wamesikia bendi za wanamaji, za misheni na za majeshi. Unguja walikuwa wamesikia bendi ya Sultani, ambayo wapigaji wake walikuwa Wagoa. Wakachukua gwaride, sare, vyeo na ala za shaba, wakavitia kwenye ushindani wa mitaa ambao ulikuwapo pwani kabla hata tarumbeta ya kwanza haijashuka bandarini. Mombasa palikuwa na Kingi na Skochi. Tanganyika palikuwa na Marini na Arinoti, Marini wakijiona watu wa ofisini na wastaarabu, Arinoti wakiwa kimbilio la vibarua na wageni wa mjini. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali, madaktari, na akina mama wenye vyeo vyao. Mwanahistoria Terence Ranger, ambaye kitabu chake cha mwaka 1975 ndicho kilichoifanya beni ijulikane kwa wasomi, alipinga vikali wazo la kwamba haya yalikuwa maigizo ya watu waliolewa uzungu. Nakubaliana naye, na nadhani sababu iliyo wazi kuliko zote ni ya kifedha: hakuna aliyewapa. Wanachama walichanga. Michango hiyo ilinunua ngoma, tarumbeta na nguo, ilizika wafu, ilisaidia wagonjwa na kupokea wageni. Lamu na Mombasa watu waliambizana maneno makali kwa nyimbo, wakatumia fedha nyingi kwenye karamu na mavazi, mpaka wazee wakalalamika kwamba vijana wanafilisika kwa ajili ya ngoma.

Lawama hiyo ya wazee inaniambia jambo ambalo mipango ya misaada husahau. Watu wenye kipato kidogo sana, makuli wa bandarini, wapishi, makarani wa daraja la chini, walikuwa tayari kutoa walichonacho kwa ajili ya muziki ambao ulikuwa wao. Ufinyu wa bajeti ulikuwapo; haukuwazuia. Serikali ya Kiingereza baada ya vita ilivichunguza vyama hivi ikihofu kwamba nyuma ya majenerali wa mchezo kuna siasa ya kweli, jambo linaloonyesha jinsi mpango wa vyama hivyo ulivyokuwa imara. Ungeipata wapi bendi ya msaada iliyowahi kuogopwa kwa uimara wa uongozi wake?

Vita vyenyewe vilikuwa vimeisukuma beni mbali zaidi. Askari na wapagazi wa pande zote mbili waliipeleka hadi Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo. Kando ya Ziwa Nyasa ilizaa ngoma za mganda na malipenga, na hapo ndipo penye ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote. Wanakijiji waliorudi kutoka jeshini walijua sauti ya bendi lakini hawakuwa na njia ya kupata ala za shaba, na wangezipata wasingepata wa kuzitengeneza. Wakachukua vibuyu. Walikata na kuunganisha vipande vya vibuyu virefu, wakatoboa tundu dogo ubavuni, wakalifunika kwa utando mwembamba wa buibui, na mpigaji akaimba ndani yake. Utando hutetemeka na kuipa sauti ya mtu ule mkwaruzo wa shaba. Kibuyu kidogo huimba juu, kikubwa huunguruma chini, na kundi zima husimama kwa safu kama kikosi, likiwa na sauti zote za bendi kuanzia tarumbeta hadi ala nzito za besi. Utando ukipasuka, dawa iko kwenye pembe ya nyumba. Ukitaka kuongeza wapigaji, unaongeza vibuyu shambani. Ala ya Ulaya ilikuwa imeacha umbo lake na kubaki na mpango wake: sauti kadhaa zinazogawana kazi, nidhamu ya safu, ngoma inayoshika mwendo.

Desemba 1962, Julius Nyerere alipolihutubia Bunge baada ya kuwa Rais wa Jamhuri na kutangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba waliosoma walifundishwa nyimbo na dansi za Wazungu wakaachwa bila kujua ngoma za kwao. Miongoni mwa ngoma zinazohesabiwa kuwa ni zetu imo mganda. Wapo wanaoliona hilo kama kosa la kihistoria, kwa kuwa mganda ni mjukuu wa bendi za kijeshi za wakoloni. Mimi silioni hivyo. Wanaoihesabu hivyo wako sahihi kuliko hao wanaowasahihisha. Katika vizazi vichache, kitu kilicholetwa na meli za kivita kilikuwa kimepita katika mikono mingi ya watu wa kawaida hata wakaweza kukihesabu bila kusita kuwa cha asili. Hakuna mpango wa msaada wa muziki ninaoufahamu katika eneo hili uliofika hapo.

Pingamizi la kwanza linajitokeza lenyewe. Beni ilikuwa ya watu wazima wenye mshahara, tena wenye uhuru wa kupoteza mshahara huo Jumapili. Mtoto wa darasa la tano hana mchango wa kutoa, na mzazi wake ana sare, daftari na chakula cha mchana cha kufikiria. Pingamizi hili ni la haki, na ndiyo maana sisemi shule ziachwe zijitegemee kwa muziki. Methali ya mtegemea cha nduguye imewahi kutumiwa mno kuwanyima watoto wa maskini vitu ambavyo watoto wa matajiri hupewa bila kuulizwa. Lakini tusichanganye kulipa na kumiliki. Mtoto hawezi kulipa, lakini shule yake, mwalimu wake na mtaa wake vinaweza kumiliki, yaani kuwa na kauli ya mwisho. Shule nyingi za msingi Tanzania zina bendi ndogo ya mstarini: ngoma kubwa, ngoma ndogo mbili tatu, pengine na filimbi, na watoto huingia madarasani kwa mwendo wake. Ngozi ikipasuka huwambwa nyingine au huzibwa kwa chochote kilichopo, na asubuhi inayofuata ngoma inalia. Hakuna anayeandika ripoti juu ya bendi hizi. Zinaishi kwa sababu shule inazihitaji kila siku na hakuna wa kuombwa ruhusa ya kuzigusa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: bila zawadi ya kwanza kusingekuwa na kilichofuata. Kama tarumbeta za Bagamoyo na Tanga zisingekuja, beni ingetoka wapi? Hili nalikubali moja kwa moja. Ila mfano mashuhuri kuliko yote wa pwani unatuonyesha zawadi ya kwanza inaweza kuwa ya namna gani. Masimulizi yanayojulikana sana Unguja yanasema Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alipopendezwa na muziki wa Misri hakuishia kuleta wapigaji na ala. Alimtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni, naye aliporudi akawafundisha wengine. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa, wakachangishana, wakaagiza ala zao. Klabu hiyo bado ipo. Imepita mapinduzi, imepita kubadilishwa jina, imepita miaka ambayo nyuzi hazikuwa zikipatikana dukani, na vizazi vyake vya wapigaji vimefundishana ukumbini jioni kwa jioni. Fedha za Sultani zilitumika kwa mtu mmoja aliyekaa na kujifunza, na matokeo yake yamedumu kuliko usultani wenyewe.

Pembeni ya taarab hiyo ya klabu palikuwa na kidumbak, taarab ya watu wasio na kanuni wala ukumbi. Besi yake ni sanduku: kasha la chai lililopinduliwa, mti uliosimikwa, waya mmoja uliokazwa, na mpigaji anayebadili sauti kwa kuuvuta au kuulegeza mti. Ngoma zake mbili ndogo zinatengenezwa na kuwambwa hapohapo kisiwani. Chombo cha nje kilicho lazima ni fidla moja tu. Mtu anayetazama orodha ya mahitaji ya shule angefanya vizuri kuiangalia hesabu hii: karibu kundi zima linapatikana mtaani, na kitu kimoja kinaagizwa, kwa hiyo nguvu yote ya kuagiza na kutunza inaelekezwa kwenye kitu hicho kimoja.

Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kinachojulikana zaidi kwa herufi DCMA, kilielewa jambo hilo kilipofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002. Hapo walifundishwa taarab, kidumbak na ngoma sambamba na muziki wa Ulaya, wazee waliokuwa na ujuzi wakapewa nafasi ya ualimu, na wanafunzi wakatoka humo kwenda kupiga mahotelini na kwenye matamasha. Jengo la Forodha Kongwe mbele ya bahari lilipendwa na kila mgeni. Hata hivyo mwaka 2019 habari zilienea kwamba chuo kinakaribia kufungwa, maana wafadhili wa kigeni walikuwa wamepungua na ada ya wanafunzi wengi ilikuwa inalipwa na haohao wafadhili. Ala zilikuwapo. Kilichokosekana ni mishahara. Chuo kilinusurika, na sifa zake sizipunguzi, lakini tukio hilo linaonyesha wazi pale ambapo ukarimu hukatika: mtu hutoa fidla kwa moyo mweupe kwa sababu fidla ina picha na jina, na ni wachache mno wanaotaka kulipa mshahara wa mwezi wa saba wa mwalimu wa fidla.

Wala si mishahara tu. Pwani yetu ina uadui wa kimya na ala za Ulaya, na aliyeifunga fidla vizuri ndani ya sanduku huko baridi haujui. Fidla hushikwa kwa gundi ya ngozi na mifupa, na gundi hiyo hulegea kwa joto na unyevu. Baada ya masika moja ubavu huachana na mgongo, na mpigaji husikia mvumo usiokuwapo jana. Mti wa vigingi huvimba, nyuzi zikawa ama hazikazi ama hazilegei. Waya wa piano hushika kutu kwa chumvi ya upepo. Vibonyezo vitatu vya tarumbeta, visipotiwa mafuta mepesi na kufutwa, hukwama kwa jasho na vumbi, na mtoto aliyekatazwa kuifungua ala ya wenyewe hataifungua, ataiegesha. Hivyo ndivyo kabati la vyombo vya muziki linavyogeuka ghala. Fundi wa kutengeneza fidla aliye karibu huwa ni seremala mwenye hekima, na seremala mwenye hekima akiwa na gundi ya kisasa isiyoachia anaweza kuiharibu fidla moja kwa moja kwa nia njema kabisa, kwa kuwa fidla imeundwa iweze kufunguliwa siku ya matengenezo. Wiki chache za mafunzo na jiko dogo la gundi zingemwokoa, na zingeokoa fidla zote za mji wake.

Kenya inatupa upande mwingine wa jambo hili, ambao ni ratiba. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza 1985 uliweka muziki, pamoja na sanaa na ufundi, kwenye mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 muziki uliondolewa kwenye mtihani huo, na kipindi chake kikabaki kwenye karatasi ya ratiba huku hisabati ikikikalia darasani. Hakuna kontena la ala linaloweza kushindana na mwalimu mkuu anayepimwa kwa alama za hisabati. Hata hivyo Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927 likiwa jambo la walowezi, liliendelea kukua hadi kufikia shule za kila kona ya nchi, na ukitazama zinazofika ngazi za juu utakuta kayamba, nyatiti, obokano na ngoma zilizotengenezwa na mafundi wa nyumbani. Shule isiyo na piano wala tarumbeta inaweza kwenda mbali kwenye tamasha hilo kwa sababu fundi wake anakaa kijiji cha pili na shindano lina siku yake kwenye kalenda. Mtaala wa umilisi umerudisha muziki kwa mlango wa filimbi ya plastiki, ambayo mzazi hutakiwa kuinunua. Ni chaguo la busara kwa bei, ingawa plastiki ikipasuka haina fundi, na kwangu lingekuwa la busara zaidi kama kila wilaya ingeshurutishwa kuanza na ala inayotengenezwa katika wilaya hiyo.

Mtaani Korogocho, Nairobi, kundi la Ghetto Classics lililoanzishwa mwaka 2008 na Elizabeth Njoroge linapiga ala za Ulaya hasa, na linategemea wafadhili. Mtu angelileta kama mfano wa kunikanusha. Lakini nguvu yake, kwa kadiri ninavyoliona, iko kwenye desturi moja: waliotangulia hufundisha wanaofuata. Mwenye fidla leo ana mwanafunzi wake mdogo kesho, na ujuzi hauondoki na mwisho wa mradi. Wamarekani nao, ambao kwao utamaduni wa kuchangia ala za shule umeota mizizi tangu kodi za kugharimia shule zilipoanza kubanwa, mfano California kwa kura ya maoni ya mwaka 1978, walifika kwenye fikra inayofanana. Taasisi ya Save the Music, iliyozaliwa mwaka 1997 kutoka kituo cha televisheni cha VH1, ilitoa ala kwa sharti kwamba mamlaka ya shule itaajiri na kulipa mwalimu wa muziki mwenye sifa. Waliweka sharti hilo katika nchi yenye maduka ya nyuzi na mafundi karibu kila mji. Huku kwetu, ambako fundi huyo hayupo, sharti hilo lina maana kubwa zaidi, na ni nadra kulisikia.

Linabaki pingamizi la tatu, ambalo nalijali kuliko mengine kwa kuwa lina uchungu wa haki ndani yake. Watasema: unawapa watoto wa Temeke vibuyu na masanduku ya chai, na watoto wa London unawaachia fidla. Kwa nini maskini ndiye ahimizwe kubuni kila mara? Nakiri kwamba sifa za ubunifu wa maskini mara nyingi huimbwa na watu wasiotaka kumlipa. Mtoto wa Temeke anastahili fidla, tena nzuri, siyo iliyotupwa na shule nyingine kwa kuwa shingo yake imepinda. Anastahili pia mwalimu anayelipwa na serikali yake na fundi anayekaa mtaa wa pili, kwa kuwa mtoto wa London anavyo vyote vitatu na hakuna anayeviita anasa. Kumpa kimoja na kumwacha bila viwili ndiko kumdharau. Isitoshe, mcheza malipenga hakuchukua kibuyu kwa sababu aliambiwa na mtu kwamba kinamfaa. Aliamua mwenyewe, akiwa anaijua shaba. Uamuzi huo ndio ninaoudai kwa shule: iwe na haki ya kusema hatutaki tarumbeta 12, tunataka 4, na thamani ya 8 zilizobaki itumwe kwa fundi ngoma wa Bagamoyo na kwa mafunzo ya seremala wetu.

Kwa upande wa watoaji, mabadiliko haya si magumu kama yanavyosikika. Anayepeleka fidla 10 anaweza kupeleka 7 na seti za nyuzi za miaka 3, upinde wa akiba, na vigingi. Anayepeleka ala za kupuliza anaweza kuweka mafuta, brashi na matete ya kutosha, kwa kuwa tete la saksafoni huchoka baada ya wiki chache za mazoezi na bila tete saksafoni haitoi sauti yoyote. Anayependa kuona jina lake ukutani anaweza kuliona juu ya mlango wa karakana. Yote hayo lakini yanategemea kitu ambacho mtoaji hawezi kukileta ndani ya kontena. Vyuo kama Butimba, vilivyobeba mafunzo ya walimu wa sanaa kwa miaka mingi, na TaSUBa ya Bagamoyo iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, vinatoa watu wanaojua muziki. Shule za serikali zinahitaji nafasi za ajira za kuwapokea na kipindi kisichonyang'anywa. Zinahitaji vilevile kifungu cha matengenezo kwenye ruzuku, chenye jina lake, kisichochanganywa na chaki na karatasi za mitihani. Kikiwapo kifungu hicho, hata kikiwa cha nyuzi na ngozi za mwaka mmoja tu, mwalimu mkuu ataweza kumwonyesha mfadhili ni nini shule inacho, nini inaweza kukitunza, na ni ala zipi afadhali zibaki zilikotoka.